Sindo: Zunguka ziwa, mlima na bonde kwa siku moja

Mtu wa mjini akisema anakwenda Sindo, jirani zake humwagiza omena. Hawakosei, kwa maana samaki wapo tele. Lakini msomaji mpendwa, ukifika katika mji huu mdogo wa Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay, ukaishia ufuoni, utakuwa umeona nusu tu ya uzuri wake. Lipe ziwa kisogo, uitazame milima ya Gwassi. Ukiwa na viatu imara na siku moja nzima, unaweza kuondoka ziwani alfajiri, upande mabega ya mlima, ulione bonde la Lambwe kutoka juu, kisha uteremke kwa njia nyingine hadi ufuoni kabla jua halijatua.

Anza mapema

Saa kumi na mbili asubuhi wavuvi waliokesha majini wanarudi na taa zao, na omena wanaanza kutandazwa juani. Tafuta kijana mwenyeji akuongoze, mpatane malipo kabla hamjaondoka. Utakaokutana nao njiani wasalimie, "Oyawore!" Wengi hapa huzungumza Kijaluo, ingawa mababu wa Wasuba walivuka ziwa kutoka pande za Uganda wakiwa na lugha yao ya Kibantu. Baadhi ya wazee wangali wanaizungumza.

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Gwassi vinapita mita 2,200. Kwa hiyo kilele cha juu kabisa si cha watoto. Ridhikeni na mabega ya mlima. Hata hapo jasho litawatoka.

Mkipumzika, tazameni mawe mnayokalia. Milima hii ni masalio ya volkano kubwa ambayo wataalamu huiita Kisingiri, iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita. Majivu yake yaliwafunika wanyama wa zama hizo na kuhifadhi mifupa yao. Ndiyo sababu mwaka 1948 Mary Leakey aliweza kupata katika kisiwa cha Rusinga, kaskazini mwa hapa, fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi karibu miaka milioni 18 iliyopita.

Bonde lililolindwa na nzi

Mkifika mahali ambapo upande wa mashariki unafunguka, keti chini. Huko chini ni bonde la Lambwe: nyasi ndefu, migunga, na ng'ambo yake ukingo wa Kanyamwa. Mwulize mwanao swali hili: mbona pande zote kuna maboma na mashamba yaliyosongamana, lakini katikati pako wazi?

Jibu ni mbung'o. Nzi huyu alieneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na watu wakalikimbia bonde. Wanyama wa porini, ambao huishi na vijidudu hivyo bila kudhurika sana, walibaki. Mwaka 1966 bonde lilitengwa kuwa hifadhi, na mwaka 1983 likawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita 120 za mraba. Humo ndimo pekee nchini Kenya alimosalia korongo. Si yule ndege mwenye miguu mirefu, bali swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma na uso mweusi na mweupe.

Wenyeji walilipa gharama kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalizuka tena Lambwe. Dawa zilipuliziwa kutoka angani, mitego ikatundikwa vichakani, na wanasayansi wa kituo cha ICIPE kule Mbita wakamchunguza nzi huyu kwa miaka mingi. Kazi hiyo imezaa matunda. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa humu nchini aliripotiwa mwaka 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya.

Kila mzazi atashukuru. Lakini korongo je? Askari wake mkali alikuwa yule nzi. Sasa watu hawaogopi tena kusogea hadi kwenye ua wa mbuga, na korongo waliosalia ni wachache mno. Akinaswa mmoja kwa mtego wa waya, hasara ni ya nchi nzima. Askari wa wanyamapori peke yao hawatoshi. Jirani mwenye shamba ni lazima naye aone faida ya kuwa na mbuga karibu. Mgeni anayelala Sindo, akala ngege wa Sindo na kumlipa kijana wa Sindo amwongoze, anasaidia kuleta faida hiyo.

Kuteremka, na mambo ya kukumbuka

Wakati wa kurudi fuateni bonde dogo linaloelekea ziwani, lakini si wakati wa mvua, kwa maana mawe huteleza. Palipokatwa miti kwa ajili ya makaa mtaona jinsi maji yanavyochimba udongo na kuubeba hadi ziwani.

Kila mtu abebe lita mbili za maji. Msiingie Ruma kwa miguu bila idhini, kwani kuna nyati na faru. Nendeni kwa gari siku nyingine, tena msivae buluu wala nyeusi, rangi zinazomvutia mbung'o. Ziwani msiogelee: kuna kichocho, viboko na mamba.

Kutoka Nairobi, pandeni basi hadi Homa Bay, kisha matatu. Mkitokea Kisumu, mnaweza kupitia Luanda Kotieno, mvuke kwa feri hadi Mbita, kisha mshike barabara ya Sindo. Laleni usiku mmoja kabla ya matembezi na mmoja baadaye. Omena mlioagizwa nunueni siku ya kuondoka, wakiwa wamekauka vizuri.