Mwalimu Mgeni wa Kagongwa

Ukitoka Isaka kwenda Kahama, utazisikia mashine za Kagongwa kabla hujauona mji vizuri. Hapa mpunga hukobolewa tangu asubuhi hadi jioni. Akina mama hupepeta mchele na kutenga chenga, huku malori ya Rwanda na Burundi yakipita barabarani.

Ndiko alikofikia jirani yangu, mwalimu wa Kiingereza kutoka Masaka, Uganda. Shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zilianza kuongezeka nchini miaka ya 1990, na walimu wengi wa Kenya na Uganda wamekuja kufundisha humo. Yeye alikuja kwa basi kupitia Mutukula, Biharamulo na Ushirombo. Mume na watoto wawili aliwaacha nyumbani.

Asubuhi hufundisha watoto wetu. Jioni, sokoni, yeye ndiye mwanafunzi. Ndizi za kupika matoke ni ghali huku, basi amejifunza kula ugali na michembe. Siku ya kwanza alipopiga magoti kumwamkia bibi mmoja muuza mchele, kama wafanyavyo Waganda, bibi alifurahi sana. "Mwadila, mwanangu!" akamwitikia. Wasukuma nao huwafunza mabinti zao heshima hiyo hiyo.

Lakini, akina mama wapendwa, adabu peke yake haitoshi pale maneno yanapopotea. Siku moja alikuja kwangu zahanati akiwa mnyonge. Akasema kwa Kiswahili chake, "Nesi, mimi niko na tumbo." Nikamwuliza kama anaharisha. Hakuelewa, akatikisa kichwa tu. Nikashika kalamu niandike dawa za tumbo.

Alipoona naandika, akanishika mkono na kusema kwa Kiingereza: ni mjamzito. Kwa Kiganda, neno la tumbo ndilo hilo hilo la mimba! Nilipoa mwili mzima. Zipo dawa za tumbo zisizofaa kabisa kwa mama mjamzito. Nikaanza upya: nikampima damu na malaria, nikamwandikisha kliniki, nikampa chandarua.

Usiku ule nilijiuliza kwa nini sikumwuliza kwa Kiingereza tangu mwanzo, nami nilisomea uuguzi kwa lugha hiyo. Jibu lilikuwa moja: niliona haya kukosea mbele ya mwalimu. Haya yangu ingeweza kumdhuru mama na mtoto.

Tangu siku hiyo humwomba kila mgonjwa anieleze kwa maneno yake alichonielewa. Na sisi wanawake wa kanisani tumekubaliana kwamba kila Jumamosi mmoja wetu ampitie mwalimu, wapike pamoja na kuzungumza. Yeye hupata Kiswahili, sisi tunapata ujasiri wa kusema Kiingereza kibovu.

Mama msomaji, huenda mtaani kwako yupo mwalimu mgeni anayewafundisha wanao kusema. Je, yeye akiugua leo usiku, atamwambia nani, na kwa maneno gani? Mbishie hodi mapema.