Sauti Ndani ya Simu Kuukuu

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Biashara ya simu za mkononi inaendeshwa na ukweli wa methali hii. Kila mwaka simu mpya hutangazwa, na ile ya mwaka juzi huanza kuitwa kuukuu hata kama haijapata ufa. Kioo chake kingali kinang'aa na betri yake ingali inahifadhi moto, ila mwenyewe huambiwa kwamba wakati wake umepita. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ni nani hasa mwenye mamlaka ya kutamka kwamba chombo kimezeeka. Je, ni aliyekiunda, au ni anayekitumia?

Swali hili lilimfikia mjane mmoja wa Mogogosiek, katika Kaunti ya Bomet, mwishoni mwa mwaka 2023. Mama huyo alikuwa amechuma majani chai katika mashamba makubwa ya Kericho kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kurejea kwenye kishamba chake mwenyewe. Simu yake ilikuwa Samsung Galaxy S III, aina iliyoingia sokoni mwaka 2012, ambayo mwanawe aliyefanya kazi Nairobi alimwachia alipojinunulia nyingine. Mnamo Oktoba mwaka huo wa 2023, WhatsApp iliacha kuhudumia simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0. Toleo la mwisho ambalo mtengenezaji aliipatia simu ile lilikuwa 4.3. Basi asubuhi moja mama aligusa alama ya kijani aliyoizoea, na badala ya majina ya wanawe akakuta maandishi ya Kiingereza yaliyomfahamisha kwamba simu yake haifai tena.

Fedha za kununua simu nyingine hazikukosekana. Oktoba ni mwezi wa bonasi, wakati ambapo wakulima wadogo wanaopeleka majani yao katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hupokea malipo yao makubwa ya mwaka. Wanawe nao walikuwa radhi kuchanga. Mama alikataa katakata, na wao wakadhani ni ukaidi wa uzee. Hawakujua kwamba ndani ya simu ile alikuwamo baba yao.

Marehemu alifariki mwaka 2020. Kwa muda mrefu alikuwa akifanya zamu ya usiku katika kiwanda cha chai, kwenye vitanda virefu ambapo majani mabichi hutandazwa na kupulizwa hewa ili yanyauke kabla ya kusagwa. Kazi ilipopoa, alikuwa akimrekodia mkewe maneno mawili matatu: kama ng'ombe mweupe amepona, kama mvua ya mawe imepiga upande wa nyumbani, kama watoto wamelala. Jumbe hizo za sauti zilibaki simuni. Mama alikuwa akizisikiliza usiku, na hakumwambia mtu.

Hatimaye alipanda matatu hadi Litein, kwa fundi kijana mwenye kibanda kati ya kinyozi na duka la dawa za mifugo. Fundi aliipokea simu kwa mikono miwili, akaigeuzageuza.

"Mama, hii bado ni nzima. Naweza kuiwekea mfumo mwingine ikakuhudumia tena. Lakini kila kilichomo kitafutwa."

"Kitafutwa chote, mwanangu?"

"Chote, mama."

Mama aliichukua simu yake juu ya meza, akaifunga ndani ya leso.

Haikuwa mara yake ya kwanza kuambiwa kwamba ili jambo liboreshwe sharti kitu fulani kiondolewe. Katika nchi ya chai, maneno ya namna hiyo yana historia. Mashine za kuchumia zilipoletwa mashambani zilisifiwa kwa wepesi na unafuu wake, ilhali wachumaji waliziona zikiwaondoa mmoja baada ya mwingine. Mei 2023 waandamanaji waliteketeza baadhi ya mashine hizo huko Kericho. Mama hakuwamo miongoni mwao, lakini wenzake aliochuma nao walikuwa wamepoteza kazi. Kwa hiyo aliposikia neno kufutwa, alilielewa barabara kuliko kijana aliyelitamka.

Ili kumtendea haki kijana huyo, yafaa kueleza kazi yenyewe. Mafundi wa mitaani huiita kuflashi. Ni kuiondoa programu dhibiti ya simu na kuweka nyingine mahali pake. Programu dhibiti ndiyo inayoiamsha simu inapowashwa, na ndiyo inayoviamuru kioo, kamera na spika vifanye nini. Mtengenezaji anapoacha kuishughulikia, simu hubaki pale pale huku programu nyingine zikisonga mbele, hadi siku zinaposhindwa kuelewana. Mwili wa simu huwa haujachakaa. Kilichochakaa ni maagizo.

Kwamba maagizo hayo yaweza kubadilishwa na mtu asiye mtengenezaji ni jambo lenye asili yake. Mfumo wa Android, ulioanza kuuzwa ndani ya simu mwaka 2008, umejengwa juu ya kiini cha Linux, ambacho leseni yake humtaka kila anayekisambaza atoe na msimbo wake pia. Mwaka 2009 Mmarekani Steve Kondik alianza kutoa toleo lake la Android, lililokuja kujulikana kwa jina la CyanogenMod, na watu wengi wa mataifa mbalimbali wakajiunga naye kwa kujitolea. Mradi huo ulifungwa Desemba 2016. Hata hivyo, maadamu msimbo wake ulikuwa wazi, wengine waliuokota na kuuendeleza kwa jina la LineageOS. Galaxy S III ilikuwa miongoni mwa simu zilizopendwa na watu hawa, nao wakaifikisha hadi Android 7.1, mbali sana na pale mtengenezaji alipoiachia. Si kila simu yenye bahati hiyo. Nyingi za zile za bei nafuu zimeundwa kwa vijenzi ambavyo siri zake hazikutolewa, na fundi hapati pa kuanzia.

Kuhusu kufuta, fundi hakumtisha mama bure. Data zilizoandikwa kwa ajili ya mfumo wa zamani zikiachwa chini ya mfumo mpya, simu huweza kuwaka na kuzimika mfululizo bila kufika popote. Inawezekana kuinusuru sehemu inayohifadhi picha na sauti, lakini kosa moja la kidole hutosha kuiangamiza nayo. Fundi mwaminifu haahidi asichoweza kukihakikisha. Husema chote kitafutwa, kisha hufanya bidii.

Kilichowapatanisha ni mchai. Mama alimuuliza kijana kama kwao hupogoa chai, naye akajibu kwamba hupogoa, kwani ni mtoto wa mkulima. Mchai huweza kuishi zaidi ya miaka 100, lakini kila baada ya miaka mitatu au minne hukatwa ukabaki vijiti vitupu, usichumwe kwa miezi kadhaa, ndipo uchipuke upya. Wapo wakulima ambao huacha matawi machache bila kuyakata, ili mchai uendelee kupumua huku ukisubiri machipukizi.

"Basi," mama akasema, "kabla hujakata, niachie matawi yangu."

Hapo ndipo alipomweleza habari ya mumewe.

Kijana aliiunganisha simu na kompyuta kwa kebo. WhatsApp ilikuwa imekataa kufunguka, lakini sauti zilikuwa bado zimo katika folda yake, kila moja ikiwa faili peke yake. Zilikuwa zaidi ya 600. Shida ikazuka papo hapo. Majina ya faili hizo hutungwa na programu yenyewe, nayo huandika tarehe na nambari tu. Mwenye sauti hatajwi. Jumbe za mume, za wanawe, za jirani, za kikundi cha akina mama, hata zile mama alizotuma mwenyewe, zote zilikuwa zimechanganyika kama majani ya wachumaji wengi ndani ya gunia moja. Fundi alijua kuingia ndani ya simu, lakini hakuwa na ujuzi wa kumtambua mume wa mtu.

Angeweza kuzinakili zote na kumaliza. Na kwa kweli alizinakili zote. Lakini mama alitaka zile za mumewe zitengwe, ziwe mahali pake, asije mtu siku moja akazifuta akidhani ni takataka. Kijana akampa vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu yeye pia ni Mkipsigis na hakutaka kusikia yasiyomhusu, akamsogezea benchi. Mama alikuja alasiri mbili mfululizo. Alisikiliza faili moja baada ya nyingine, na alipomfikia mumewe aliinua mkono, naye kijana akaitia alama.

Siku ya pili kijana alishangaa kuona mkono ukiinuliwa upesi mno, faili ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Akauliza mama anamjuaje mtu ambaye hajafungua kinywa. Mama akamwambia asikilize. Nyuma ya kimya kile palikuwa na mvumo wa feni za kiwandani, zile zinazopuliza majani usiku kucha. Kabla marehemu hajatamka neno, feni zilikuwa zimekwisha kumtaja. Jumla yake zilipatikana jumbe 37. Katika mojawapo hasemi kitu cha maana. Anakohoa, anacheka kidogo, kisha anasema amesahau alilotaka kusema. Kijana aliuliza kama hiyo nayo ihifadhiwe. Mama alimtazama tu, na kijana akaihifadhi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kifundi. Novemba 11 umeme ulikuwa umepotea karibu nchi nzima, mara ya pili katika muda wa miezi mitatu, na simu inayokatikiwa katikati ya kuandikwa huweza kufa kabisa. Kijana akahakikisha kwamba betri ya kompyuta imejaa na ya simu ina moto wa kutosha. Alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja mpaka onyo likatokea kiooni. Akatia kwanza programu ndogo ya uokozi, akafuta, akaweka mfumo mpya. Kisha simu ikawashwa, ikakaa dakika kadhaa ikizungusha alama yake bila kusema neno. Mama hakuondoa macho.

Kitu cha kwanza ambacho mfumo mpya huuliza ni lugha. Kijana alikuwa amezoea kuchagua Kiingereza bila kufikiri, lakini safari hii alisita.

"Mama, tuweke Kiingereza?"

"Kiswahili hakimo?"

"Kimo."

"Sasa wauliza nini?"

Wanafunzi wa Kiswahili watakumbuka kwamba mlango huu ulifunguliwa zamani kidogo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Msimbo wake ulikuwa wazi, na hivyo watafsiri hawakulazimika kumngoja mwenye kampuni aone kama lugha hii ina faida sokoni. Juhudi kama hizo aghalabu hujadiliwa kama suala la istilahi: neno gani linafaa, lipi halifai. Pale Litein istilahi zilikuwa na kazi nyingine. WhatsApp iliporejeshwa, simu ilimwuliza mama kama anairuhusu kutumia maikrofoni. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 programu hulazimika kuomba ruhusa ya namna hiyo wakati wa kutumika. Katika mfumo wa zamani mtumiaji alikubali yote kwa pamoja, mara moja, wakati wa kupakua. Mama alisoma polepole neno Ruhusu, akauliza kama zamani simu ilikuwa ikimwuliza hivi. Kijana akamwambia haikuwa ikiuliza. Mama akafikiri kidogo, ndipo akagusa.

Mtu haombwi ruhusa juu ya kitu kisicho chake. Kwa miaka yote aliyokuwa na simu ile, huenda hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa mama kutambuliwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba yeye ndiye mwenyewe.

Fundi hakumficha ukweli wa mambo. Kamera ilikuwa nzito kuliko awali, na siku moja toleo hili nalo litaachwa nyuma kama lile la kwanza. Kwa hiyo zile jumbe 37 ziliwekwa katika kadi ya kumbukumbu, zikanakiliwa tena katika kompyuta ya binti yake, ambaye ndipo alipofahamu kilichomfanya mama akatae simu mpya.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii imetumiwa mno kuwakemea wapenda vipya, hata tumesahau kwamba mbacha huendelea kuchakaa huku tukiusifu. Kuushikilia hakutoshi, sharti apatikane wa kuufuma upya, na mwenyewe awepo kumwonyesha ni ukili upi usiguswe.