Gramu 200 za Mkiani

Mhariri ameniomba niandike habari za ndege yetu ya mfano, ile iliyoanguka katika shamba la maharagwe siku ya wazazi. Wengi wenu mliiona ikianguka, lakini ni wachache wanaoijua sababu yake. Kwa kuwa mwaka huu ndio wangu wa mwisho hapa shuleni, naona heri niieleze kwa kalamu yangu mwenyewe, nisije nikaondoka na deni.

Sisi wa Rwanda si wageni wa ndege ndogo. Mwezi wa Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani zilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo, na tangu siku ile hamu ya ndege haikunitoka. Basi chama chetu cha ufundi kilipoazimia kuunda ndege inayoongozwa kwa redio kutoka chini, nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Bruda anayetufundisha Fizikia alituombea ruhusa kwa wakubwa wa usafiri wa anga, akatutafutia mtambo mdogo wa petroli na vyombo vya redio. Mbao, gundi na jasho vilikuwa vyetu. Kazi ilichukua mihula miwili.

Ndege ilipokwisha, mabawa yake yalikuwa na urefu wa mita 2.4 toka ncha hata ncha, na upana wa sentimita 40. Uzito wake bila petroli ulikuwa kilo 7. Ndipo Bruda alipotuambia kwamba kazi kubwa bado, nayo ni kutafuta kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ndege ikishikwa hapo haiinami mbele wala nyuma. Kwa ndege kama yetu mahali hapo pawe kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kupimwa kutoka ukingo wa mbele. Sisi tulichagua sentimita 12. Kitovu kikienda mbele mno, ndege huwa nzito wa pua na haitaki kuinuka. Kikirudi nyuma mno, ndege huwa kama farasi asiye na hatamu: ikiinua pua huzidi kuiinua, na ikiinamisha huzidi kuinamisha. Wenye kazi hii husema kuwa ndege yenye pua nzito huruka vibaya, lakini yenye mkia mzito huruka mara moja tu.

Jambo hili si geni duniani. Otto Lilienthal wa Ujerumani aliongoza mabawa yake kwa kuusogeza mwili wake mwenyewe mbele na nyuma. Alianguka mwezi wa Agosti 1896, akafa siku ya pili. Na ndugu Wilbur na Orville Wright, ambao walikwisha ruka mwaka 1903, iliwabidi mwaka 1904 watie vyuma vizito mbele ya ndege yao ya pili, kwa kuwa ilikuwa ikipanda na kushuka kama mtumbwi katika mawimbi.

Ndege ndogo ya mtoto hupimwa kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa. Yetu ilikuwa kubwa, kwa hiyo tuliazima mizani tatu za jikoni. Mbili tuliziweka chini ya magurudumu ya mbele, na ya tatu chini ya gurudumu la mkia, juu ya sanduku, ili mwili wa ndege ulale sawa kama unavyokuwa hewani. Tangi lilikuwa tupu. Sababu yake ni kwamba tangi letu liko mbele ya kitovu, na petroli ikiisha pua hupungua uzito. Ikiwa ndege ni salama bila petroli, itakuwa salama na petroli pia. Magurudumu ya mbele yalionyesha kilo 6.5, na mkia nusu kilo. Kati ya magurudumu hayo na lile la nyuma palikuwa na sentimita 112. Zidisha nusu kwa 112, kisha gawanya kwa 7: utapata sentimita 8 nyuma ya magurudumu ya mbele. Nayo magurudumu hayo yako sentimita 4 nyuma ya ukingo wa bawa. Nne na nane ni kumi na mbili. Tulipiga makofi!

Sasa naja kwenye kosa langu. Siku mbili kabla ya siku ya wazazi niliingia karakana peke yangu, nikaibeba ndege nipate kuitazama nje juani. Mlangoni mkia uligonga mwimo, nao ukapasuka. Niliona aibu, kwani ndimi niliyekuwa nikiwakataza wadogo wasiiguse. Nikachukua kipande cha plaiwudi, nikakibandika kwa gundi nyingi na misumari, nikapaka rangi juu yake hata kovu lisionekane. Jioni Bruda akaniuliza, "Mmepima tena?" Nikajibu, "Ndiyo, Bruda."

Siku yenyewe ilipofika, rubani alikuwa kijana wa mwaka wa tatu, ambaye mikono yake ni mitulivu kuliko yetu sote. Wazazi wake walikuwa wametoka mbali kuja kumtazama. Ndege ilikimbia kidogo tu, ikainuka kwa ghafula, pua juu. Kijana akaiinamisha, ikashuka kwa kasi. Akaiinua, ikapanda zaidi ya kwanza. Mara ya tatu ilisimama hewani kana kwamba inafikiri, ikaangukia bawa moja, ikaingia katika maharagwe. Watu wengine walicheka. Mtu mmoja nyuma yangu alisema, "Wangempa mkubwa aiongoze." Kijana alisimama na chombo cha redio mikononi, machozi yakimtoka mbele ya baba yake. Nami nilinyamaza.

Nilinyamaza siku nane. Kijana aliacha kuja katika chama. Hali kadhalika mimi sikuweza kula vizuri wala kusoma, kwa maana kila nilipofumba macho niliuona ule mkia. Mficha uchi hazai, wasema wahenga. Siku ya tisa nilimwendea Bruda nikamweleza yote. Hakunikemea. Alisema tu, "Deni si langu. Nenda kwa mwenye nalo."

Nilimkuta bwenini akikunja nguo zake. Nilipokwisha kusema, alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Kaka, ulikuwa uzito gani?" Sikujua. Akaondoka, nami nikamfuata mpaka karakana, tukakitoa kile kipande na misumari yake, tukakiweka mizanini. Gramu 200! Akachukua chaki akapiga hesabu ubaoni yeye mwenyewe: mkia ulikuwa umefika gramu 700, ndege nzima kilo 7.2, na kitovu kimerudi nyuma karibu sentimita 3, hata kufikia sentimita 15. Akaitazama hesabu ile, akasema kwa sauti ndogo, "Basi haikuwa mikono yangu." Neno hilo lilinichoma kuliko fimbo. Kesho yake nilisimama mbele ya shule nzima nikasema kweli, na Bruda akawaandikia wazazi wake barua.

Tuliijenga upya ndege muhula uliofuata. Mtu angeweza kuuacha mkia na uzito wake, akatia risasi puani. Lakini mkia uko mbali na kitovu kuliko pua. Gramu 200 za nyuma zingetaka zaidi ya gramu 500 za mbele, na ndege ingebeba mizigo miwili pasipo faida. Kwa hiyo tuliuondoa ule uzito wenyewe. Tulitengeneza mkia kwa mbao nyepesi za balsa, ukazidi gramu 40 tu, nasi tukasogeza betri ya gramu 350 mbele kwa sentimita 12. Hatukuongeza risasi hata kidogo. Tulipima mara tatu, na kila mara aliyesoma mizani alikuwa mtu mwingine.

Jumamosi moja asubuhi, pasipo wageni, ndege ilipaa. Rubani alikuwa yule yule. Ilipofika juu alinyosha vidole vyake mbali na vifimbo vya redio, akaniambia, "Kaka, tazama, siishiki." Nayo ilikuwa ikienda sawa juu ya bonde.

Ndugu zangu mnaobaki katika chama cha ufundi, mizani ipo kabatini. Mkiitengeneza ndege, hata kwa tone la gundi, pimeni tena. Na mkiulizwa kama mmepima, semeni kweli.