Mazungumzo baada ya ubwabwa

Neno la Kihispania linaloninyima usingizi siku hizi ni sobremesa. Kamusi zinasema ni ule muda watu wanaobaki mezani baada ya kula, sahani tupu, wakipiga soga. Ukilivunja, unapata "juu ya meza". Cha ajabu, Mreno akisema sobremesa anamaanisha kitu kitamu kinacholiwa baada ya chakula. Neno moja, jirani mmoja kabaki na maneno, mwingine kabaki na keki.

Meza yenyewe tunayo zamani. Tuliipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Na walipoanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, mfalme wao alikuwa Felipe wa Pili wa Hispania, maana kati ya 1580 na 1640 falme hizo mbili zilikuwa na mtawala mmoja.

Ila Kariakoo meza imeota maana nyingine. Mtu akikwambia "nina meza Mtaa wa Kongo", hajakukaribisha chakula. Anazungumzia mbao chache zilizopigiliwa misumari, viatu vilivyopangwa juu yake na ada ya watoto inayotoka humo. Soko kuu lilipoungua Julai 10, 2021, waliolilia meza zao hawakuwa wakililia mbao.

Sasa jaribu kufanya sobremesa hapo. Saa saba mchana, kwenye benchi la mama lishe, nimemaliza wali maharage, naanza tu kunogewa na stori za jirani yangu, nasikia: "Kaka, mpishe mwenzio basi." Hasemi kwa ubaya. Kila dakika ninayokaa ni sahani ambayo haijauzwa. Kamusi haikuniambia kwamba neno hili lina gharama: linataka meza isiyodaiwa kitu.

Si kwamba hatuna soga. Tunazo, ila zimehamia kwa muuza kahawa, jioni, kikombe kidogo na kashata, watu wakibishana Simba na Yanga hadi giza. Wasikilizaji wa Redio Tanzania wanakumbuka kipindi cha Mazungumzo Baada ya Habari. Kwa kukiazima, mimi nimetafsiri sobremesa kuwa "mazungumzo baada ya ubwabwa".

Ni refu, najua. Mwenye neno fupi alilete, ila atafute kwanza nyumba ambayo meza ya kulia haijajaa nguo za kupiga pasi.