Vayolini Nazo Zinapishana

Rumu yetu huku Malimbe ukipiga vayolini mbili, viola na chelo, unaambiwa papo hapo: "Toa huo muziki wa wazungu." Mimi nabisha, na shahidi wangu yuko ng'ambo ya ziwa: Justinian Tamusuza wa Uganda. Kipande chake kilirekodiwa na Kronos Quartet ya Marekani kwenye albamu ya Pieces of Africa, 1992.

"Sasa wimbo wenyewe uko wapi?" mshkaji wangu aliuliza. Swali zuri. Humo usitafute sauti moja inayoongoza na nyingine zikisindikiza. Vipande ni vifupi, vinajirudia, kimoja kinaingia pale mwenzake alipoacha nafasi. Ndivyo wapigaji wa amadinda, ile marimba kubwa ya Baganda, wanavyokaa wakitazamana na kupishana mapigo, mpaka unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake.

Gitaa nalo lilitoka mbali, jamani, na leo nani anauliza muziki wa dansi ni wa nani? Chombo hakina kabila. Kabila liko kwenye namna ya kupishana.