Mbwamwitu Anapopewa Nafsi ya Kwanza

Charles Perrault alipochapisha ngano ya binti wa kofia nyekundu mwaka 1697, binti aliliwa na hadithi ikaishia hapo. Mwindaji mwokozi aliletwa na ndugu wawili wa ukoo wa Grimm mwaka 1812. Wengi wetu, yamkini, tulimjua huyo mwindaji kwanza.

Wimbo wa “Li’l Red Riding Hood” wa Sam the Sham and the Pharaohs, uliofika nafasi ya pili katika orodha ya Billboard nchini Marekani mwaka 1966, haumjui mwindaji kabisa. Nyanya anatajwa tu. Msimulizi ni mbwamwitu mwenyewe. Katika ngano, binti ndiye anayestaajabia ukubwa wa macho ya mnyama. Humu mnyama ndiye anayeyasifu macho ya binti, kisha midomo, kisha anajitolea kumsindikiza kwa ajili ya usalama wake! Anatukiri sisi hadhira kwamba amejivika ngozi ya kondoo, na hataivua hadi aaminiwe. Nasi twacheka naye.

Mimi pia hucheka, ilhali nimewahi kusindikizwa njia nzima na sauti tamu nisiyoiomba. Hiyo ndiyo nguvu ya nafsi ya kwanza: hutufanya washirika wa msemaji kabla hatujamhukumu. Perrault, katika mawaidha yake ya kufungia, aliwaonya wasichana kuwa mbwamwitu wapole ndio wa kuogopwa zaidi. Wimbo umempa mpole huyo kipaza sauti, ukayaacha mawaidha. Mwishoni analia kama kondoo, na binti hajatamka hata neno moja.