Mlango Mdogo wa Injini

Kila chombo kikubwa kina kiungo kidogo kisichosifiwa na mtu mpaka siku kiharibikapo. Katika injini ya motokaa, kiungo kimoja cha namna hiyo ni themostati. Hukaa ndani ya nyumba yake, kifuniko cha alumini au plastiki kilichokazwa kwa bolti mbili au tatu mahali mpira wa maji uunganapo na injini. Kazi yake ni ya bawabu. Injini ikiwa baridi, hufunga njia ili maji yasiende kwenye rejeta. Ikipata moto, hufungua. Bawabu huyu hana akili ila nta iliyofungiwa katika kikopo cha shaba, ambayo huvimba ipatapo joto la nyuzi 82 au zaidi kidogo, ikausukuma mlango. Ufundi wa nta hiyo ulibuniwa na Sergius Vernet katika miaka ya 1930, na motokaa nyingi huutumia hata leo.

Dereva mmoja wa Mugeta, wilayani Bunda, alichemshiwa na motokaa yake mara mbili katika juma moja. Riziki ya nyumba yake yote ilikuwa katika magurudumu yale manne, na alijua kuwa kichwa cha injini kikipinda kwa joto, bei ya kukitengeneza ingemshinda. Alipofika kwa fundi mzee alikuwa amekwisha kata shauri.

“Shikamoo, mzee. Kitoe kidude kile ukitupe. Nchi yetu ni ya joto, chatufaa nini?”

“Marahaba, mwanangu. Joto la nchi ni nyuzi 30. Injini yataka zaidi ya 80. Kwake yeye, Mugeta na Ulaya zote ni baridi.”

Shauri la dereva lina wafuasi wengi, na lina sura ya kweli, kwa maana themostati iliyokwama ikiwa imefunga huchemsha injini. Lakini injini isiyopata moto wake hula mafuta mengi na huchakaa upesi. Tena, katika injini nyingine, themostati ifunguapo njia ya rejeta huziba njia ya mkato. Ikitolewa, sehemu ya maji hurudi katika injini bila kupoa, na dawa huzidisha ugonjwa.

Fundi hakugusa kitu mpaka injini ilipopoa. Nchi inayolizunguka ziwa Viktoria iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na huko maji ya sufuria huchemka karibu na nyuzi 96. Yale ya rejeta hukandamizwa na kizibo yasichemke mapema. Afunguaye kizibo kingali moto huyaita maji usoni mwake. Palipopoa, alikinga maji kwa beseni, akalegeza bolti, akaitumbukiza themostati katika sufuria ya maji jikoni. Maji yalipopata moto, mlango ukafunguka, yalipopoa, ukafunga. Themostati haikuwa na hatia.

Mwenye hatia alikuwa nyumba yake. Kwa miaka mingi dereva alijaza maji matupu ya kisima, nayo chumvi ikala ukingo wa alumini. Maji yalivuja matone kwa matone, yakakauka juu ya chuma cha moto, yasiache alama ila ukoga mweupe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa ule haukuonekana kwa asiyeinama.

Nyumba mpya iliponunuliwa, fundi alikwangua mabaki ya gasketi ya kale pasipo kuuchuna uso wa injini. Aliirudisha themostati, upande wa nta ukielekea injini na kitundu cha hewa kikiwa juu, akaweka gasketi mpya. Bolti alizikaza kwa zamu, kidogo kidogo, kwa kuwa alumini haisamehi nguvu. Kisha alijaza kulanti iliyochanganywa na maji safi, akaiwasha injini mpaka mpira wa juu ukapata moto, dalili kwamba mlango umefunguka. Hewa ilipokwisha kutoka na injini kupoa, akaongeza kilichopungua.

Bawabu alikuwa karibu kufukuzwa kwa kosa la ukuta. Hukumu za namna hiyo haziishii katika gereji. Mtumishi asimamaye mlangoni ndiye aonekanaye kwanza, naye hulaumiwa kwanza. Aliaye ndani kwa ndani ni ukingo, ambao hauna wa kuuchungulia. Gharama ya kuchungulia ni subira ya saa moja. Gharama ya kutochungulia hulipwa njiani, jua likichwa, mbali na fundi.